Shajara ya mradi: maji ya moto kwa Mama, jiko la kuni na koili ya shaba

Naandika kila hatua inapoisha, ili mwenye jiko la kuni na baridi kama ya kwetu aweze kufuata, na asilipie makosa ambayo mimi nimeshayalipia. Nyumba ni ya Mama, pembezoni mwa mji wa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, maji ya bomba asubuhi yanakata vidole. Mama ana maumivu ya magoti, na kwa miaka mingi amekuwa akibeba sufuria ya maji ya moto kutoka jikoni, anavuka ua wenye utelezi hadi bafuni. Hiyo sufuria ndiyo nataka kuiondoa.

3 Mei 2025. Kwa nini naanza upya

Mwaka jana tulitengeneza mfumo mwepesi. Boksi la chuma nyuma ya jiko, pipa juu, maji yanapata moto kwenye boksi, yanapanda yenyewe hadi kwenye pipa, na hayohayo tunaoga. Yalipata moto vizuri sana. Baada ya wiki sita yakaanza kutoka mekundu. Mama alifua shuka mbili nyeupe zikatoka kama zimelowekwa kwenye chai ya rangi.

Chuma hakikuwa na kosa. Kila ndoo inayotoka, ndoo mpya inaingia, na maji mapya yanakuja na oksijeni mpya. Ukichanganya chuma, oksijeni na joto, kutu haina mwisho. Kupaka rangi ndani ya boksi haisaidii, maana upande wa pili kuna moto.

Dawa yake ni kibadilisha joto. Jina kubwa, lakini kila mama amewahi kukitumia: uji wa mtoto ukiwa wa moto sana, unaweka bakuli ndani ya beseni la maji baridi. Uji na maji havigusani, lakini joto linapita kwenye ukuta wa bakuli, uji unapoa na maji ya beseni yanapata uvuguvugu. Mimi nataka kinyume chake. Maji ya jiko yazunguke ndani ya bomba la shaba lililoviringishwa (koili), bomba hilo lizame ndani ya pipa la maji ya kuoga, na maji hayo mawili yasikutane kamwe. Humu nitayaita maji ya mzunguko na maji ya kuoga. Maji ya mzunguko yakishakuwa yaleyale siku zote, oksijeni yake inaisha na kutu karibu inasimama.

10 Mei 2025. Vifaa

Pipa nimepata la stenlesi, lita 150, lilikuwa la kuhifadhia asali. Mfuniko wake unafunguka wote, jambo ambalo litanisaidia hapo mbele. Boksi jipya limechomelewa kwa bati la milimita 4, linabeba lita 7. Bomba za kwenda na kurudi ni za gi ai (chuma kilichopakwa zinki), inchi moja. Msibane matumizi kwa kuweka nusu inchi kwa sababu ya bei: hatuna pampu hapa, maji yanatembea kwa wepesi wake tu, na bomba jembamba linayachosha.

Wepesi huo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya maji yenye nyuzi 80 ina gramu 972. Ya nyuzi 50 ina gramu 988. Hizo gramu 16 ndizo pampu yetu yote. Kila kona kali, kila mbonyeo, kila mita ya bomba la ziada inakula humo.

Shaba nilidhani nitaipata kwa wauza vifaa vya bomba. Hawana. Nenda kwa wanaouza vifaa vya friji na viyoyozi: wana bomba laini la shaba, la kuviringishwa, wanakata kwa mita. Nimechukua la inchi 5/8, mita 6, kwa shilingi 14,000 kila mita. Na fundi wa kuchomelea shaba ni huyohuyo wa friji. Fundi bomba wetu ni mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka, lakini aliniambia bila kuficha, "Mwanangu, shaba mimi siijui." Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo.

17 Mei 2025. Kukunja

Jaribio la kwanza la kukunja kwa mkono lilipondeka kwenye mzunguko wa pili. Bomba likikunjana vile, kata hapo uunge upya, halinyooki tena. Fundi friji akasema, "Kaka, jaza mchanga kwanza. Mkavu." Tukachekecha mchanga, tukaukaanga kwenye kikaango hadi ukaacha kutoa mvuke, tukaujaza bombani huku tukiligonga kwa mpini wa nyundo ili ushuke, kisha tukaziba ncha zote mbili kwa vijiti. Halafu tukalizungusha polepole kwenye mtungi mtupu wa gesi wa kilo 15. Kila mzunguko unakula kama mita moja. Likatoka duara safi. Mchanga usipokauka vizuri unaganda ndani, na kuutoa ni kazi ya nusu siku.

Waambie mapema wachomelee kwa fimbo ya fedha, siyo risasi laini ya kuunganishia nyaya. Risasi ni sumu, na koili inakaa ndani ya maji ambayo mtu atasukutulia mdomo.

24 Mei 2025. Moto wa kwanza, maji hayaendi

Saa kumi jioni niliwasha kuni za miwati. Baada ya dakika 20 bomba la kupanda lilikuwa linaunguza hadi kwenye elbo (kiungio cha kona) ya ukutani. Sentimita 40 mbele yake, baridi kama jiwe la mto. Nikaweka mkono pande zote mbili za mahali pale, moto huku, baridi kule, nikajua maji yamesimama.

Pimamaji ilionyesha kosa. Bomba la kupanda linapita chini ya dari kwa mita mbili, na katikati nilikuwa nimeliacha lishuke kwa sentimita 3 tu, ili lipite chini ya boriti. Kabla ya hapo, kwenye mgongo wake, hewa ilikuwa imejificha. Maji yenye nguvu ya gramu 16 hayawezi kusukuma kiputo cha hewa kushuka.

Tumekata boriti kidogo, tukafunga bomba upya likipanda sentimita 5 kwa kila mita, bila kushuka popote hadi kileleni. Pale kileleni kuna tii (kiungio cha njia tatu): tawi moja linashuka kwenda juu ya koili, jingine linapanda wima na kubaki wazi, mdomo wake umeinamia dumu la lita 10. Dumu hilo ndilo linalojaza mzunguko, kwa bomba dogo linaloingia kwenye njia ya kurudi. Maji ya mzunguko ni kama lita 15. Kutoka nyuzi 15 hadi 90 yanavimba karibu nusu lita, na nusu lita hiyo lazima iwe na pa kwenda.

Safari hii bomba la kurudi likapata joto ndani ya dakika 12.

31 Mei 2025. Mita 6: vipimo vya kwanza

Nimeanza na maji ya kuoga yenye nyuzi 16, moto wa kawaida wa kupika, kwa muda wa saa mbili. Mwisho wake maji yanayotoka kwenye boksi yalikuwa nyuzi 90, yanakaribia kuchemka (kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwa takriban nyuzi 93). Pipani, juu nilisoma 45 na chini kabisa 19. Baada ya kukoroga kwa mti, pipa zima likasoma 34.

Makosa mawili yako wazi hapo. La kwanza, koili niliining'iniza katikati ya pipa. Maji yakipata moto yanapanda, na yaliyo chini ya koili hayajui kama kuna moto. Koili inakaa chini, sentimita 5 kutoka kwenye sakafu ya pipa.

La pili, hesabu. Lita 150 kupanda nyuzi 18 ni kama kilowati 1.6 kwa muda wa saa mbili. Jiko lilikuwa linatoa zaidi ya hapo, ndiyo maana mzunguko ulikaribia kuchemka wakati pipa bado ni vuguvugu. Joto lilikuwepo, mlango wa kupitia ulikuwa mdogo. Mita 6 za bomba hili zina uso wa mita za mraba 0.3. Niliamua kuongeza shaba.

8 Juni 2025. Mita 15, na somo lililonigharimu zaidi

Nimenunua mita 9 nyingine, shilingi 126,000, tukaunga mwisho kwa mwisho, tukaishusha koili chini ya pipa. Uso sasa ni mita za mraba 0.75. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilimwambia Mama aandae taulo.

Moto uleule, saa mbili zilezile. Pipa lilisoma 38.

Nyuzi 4 tu zaidi, kwa shaba mara mbili na nusu. Na kwenye dakika ya 70 boksi likaanza kugonga, gu, gu, gu, kama mtu anapiga ukuta kwa ngumi, mvuke ukatoka kwenye bomba la wazi. Mama alitoka jikoni. Nikatoa kuni.

Nilikaa na vile vipimo usiku kucha. Jibu lilikuwa kwenye bomba la kurudi. Kwenda: nyuzi 92. Kurudi: 35. Tofauti ya 57! Kwa joto lililoingia pipani, maana yake maji yalikuwa yanatembea chini ya nusu lita kwa dakika. Maji yalimaliza joto lake kwenye mizunguko ya mwanzo ya koili, kisha yakajikokota kwenye mita zilizobaki yakiwa karibu sawa na maji ya pipa. Shaba ya mwisho haikubadilisha chochote, ilikuwa inapinga mwendo tu. Huku nyuma, boksi likisubiri maji ya kulipoza, likachemka.

Uso wa shaba, tofauti ya joto, na mwendo wa maji vinafanya kazi pamoja. Mimi niliongeza uso nikanyonga mwendo.

15 Juni 2025. Kugawa njia

Hatujanunua hata sentimita moja. Tumekata zile mita 15 katikati, tukapata koili mbili za mita 7.5, moja tumeikunja upya kwenye mtungi mdogo wa kilo 6 ili ikae ndani ya nyingine. Zote mbili zinaanzia kwenye tii moja nje ya pipa na kurudi kwenye tii moja. Maji yanagawanyika, nusu huku nusu kule.

Uso ni uleule, 0.75. Lakini kila njia ina nusu ya urefu na inabeba nusu ya maji, na mwendo ukipungua, msuguano nao unapungua. Ukiviweka pamoja, upinzani wa koili umebaki robo au chini ya hapo. Ni lazima urefu ulingane. Tungeacha moja mita 6 na nyingine 9, maji mengi yangechagua fupi.

Baada ya saa mbili za moto, pipa limesoma 48 kutoka 16. Kwenda 84, kurudi 57. Mwendo kama lita moja na nusu kwa dakika, mara tatu ya wiki iliyopita, na joto linaloingia pipani ni kilowati 2.8. Boksi halikugonga hata mara moja. Kufikia saa ya tatu ya moto tulipita 58.

Juu ndiko maji ya jiko yanakoingia kwenye koili, na chini ndiko yanakotokea. Usigeuze. Hivi ndivyo maji ya kuoga yanayopanda yanavyokutana na shaba yenye moto zaidi kadiri yanavyokwenda juu, na maji ya mzunguko yanatoka yakiwa yamekamuliwa na sehemu baridi kabisa ya pipa.

Mama ameoga saa moja na nusu jioni, amesimama, kwa bomba la juu. Alikaa humo muda mrefu hadi nikaenda kubisha. "Niache," alisema.

22 Juni 2025. Koki ambayo isingepaswa kuwepo

Hili lisomwe hata na asiyesoma mengine. Tulipofunga mabomba, fundi aliweka koki ya geti kwenye bomba la kupanda, chini ya ile tii ya kileleni, ili siku ya matengenezo tusimwage maji yote. Niliiona, nikaona ni wazo zuri.

Alhamisi asubuhi mdogo wangu aliona unioni (kiungio cha bomba kinachofunguka) inadondosha matone, akaifunga koki ili akaze. Jiko lilikuwa linawaka. Nilirudi kutoka shambani nikakuta dumu la juu linachemka kama chungu cha maharage na jiko zima linatetemeka. Mvuke ulikosa njia ya mbele, ukarudi nyuma kupitia bomba dogo la kujazia. Bomba hilo ndilo lililotuokoa. Lingekuwa nalo lina koki imefungwa, sijui ningeandika nini leo. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600, na boksi la bati lililofungwa pande zote haliwezi kuitoa kwa upole.

Koki imetolewa siku hiyohiyo. Kati ya boksi na hewa ya wazi hapawekwi koki, wala valvu ya kuzuia kurudi, wala kizibo, wala tambara. Nimemwambia kila mtu wa nyumba hii, na nimeandika ukutani kwa chaki.

5 Julai 2025. Ndala na maranda

Pale koili zinapopenya ukuta wa pipa kuna viungio vinne vya shaba nyeupe, na kila kimoja kinahitaji washa (pete laini ya kuzuia kuvuja). Nilikata washa kutoka kwenye ndala kuukuu. Kwenye maji baridi zilishika vizuri. Baada ya wiki tatu za joto zimelainika, zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na tatu kati ya nne zimevuja. Nimebadilisha kwa mpira wa tairi la ndani pamoja na silikoni nyekundu ya gasketi za magari inayovumilia joto. Hadi leo kavu.

Uvujaji huo uliharibu na kingine. Pipa nilikuwa nimelizungushia maranda ya mbao, unene wa sentimita 12, ndani ya boksi la mabanzi. Maranda tunapewa bure kwenye viwanda vya mbao na yanahifadhi joto vizuri, ila yakilowa hayafai kitu. Nilikuwa nashangaa kwa nini maji ya nyuzi 58 saa tatu usiku yanaamka 37. Nikaingiza mkono kwenye maranda, nikatoa konzi iliyochuruzika maji. Nimeyatupa yote, nimeweka makavu ndani ya mifuko ya nailoni iliyofungwa, na bati juu. Sasa 58 inaamka 50.

Uvuguvugu wa kudumu nao si wa kuchezea. Bakteria wa Legionela hupenda maji ya nyuzi 20 hadi 45 yaliyotuama, na huvutwa na mapafu kupitia matone ya bomba la kuogea. Kwa hiyo mara kadhaa kwa wiki tunaacha jiko lifikishe pipa nyuzi 60. Na kwa sababu nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache, bafuni kuna koki ya kuchanganya, na Mama anafungua baridi kwanza.

9 Agosti 2025. Kufungua na kukagua

Nimetoa glasi moja ya maji ya mzunguko. Mwezi wa tano yalikuwa mekundu. Leo ni meusi, kama maji ya masizi, na ukiweka sumaku nje ya glasi, vumbi linakusanyika upande wa sumaku. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri: kutu ya maji yasiyo na oksijeni ni nyeusi, na inakwenda taratibu. Usiyabadilishe kwa kuyaonea kinyaa. Ukimwaga na kujaza mapya, umeileta oksijeni tena.

Kisha jaribio la usalama. Nimetia rangi nyekundu ya chakula kwenye dumu, nikawasha jiko siku mbili, nikachota maji ya kuoga kwenye beseni jeupe. Safi. Dumu liko juu kuliko pipa, kwa hiyo koili ikitoboka, maji ya jiko ndiyo yatakayoingia kwenye ya kuoga. Nimechora mstari kwenye dumu. Maji yakishuka chini yake bila sababu, tunasimamisha kila kitu. Ndugu zetu wa Makete na kando ya Kitulo, kwenye barafu ya kweli, watataka kuongeza dawa ya kuzuia kuganda. Ile ya rejeta ya gari yenye ethilini glaikoli ni sumu, msiiweke. Tafuteni ya propilini.

10 Agosti 2025. Gharama hadi leo

Pipa la asali 240,000. Boksi na kuchomelea 95,000. Shaba mita 15, 210,000. Fundi friji mara mbili, 70,000. Gi ai, unioni, tii na elbo 138,000. Viungio vinne vya kupenya pipa 36,000. Dumu, ndoo ya boya (boya hufunga maji ikijaa) na bomba la wazi 41,000. Nailoni na bati la kufunika 52,000. Mbao za jukwaa 60,000. Vipimajoto viwili 24,000. Ile koki 18,000, nimeihifadhi sandukuni. Jumla 984,000.

Ni nyingi, sikatai. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 16 hadi 56 kwa umeme ni kama uniti 7, na kwa luku yetu ya shilingi 356 kwa uniti ni karibu shilingi 2,500 kwa siku. Sisi hatutumii pipa zima kila siku, kwa hiyo fedha itachukua muda kurudi. Kwa nyumba yenye umeme wa uhakika na mtu mmoja, hita ya kichwa cha bafu ni rahisi zaidi. Kwa nyumba ambayo jiko la kuni linawaka kila siku kwa ajili ya kupika, joto hili lilikuwa linapotea kupitia ukuta wa nyuma.

Kilichobaki: kupeleka tawi la maji ya moto kwenye sinki la jikoni, mita 4, kwa bomba la kuvumilia joto. Mama amesema vyombo vyenye mafuta havitakati kwa maji baridi, na ameshaonyesha kwa kidole mahali anapotaka koki ikae.